SURA ILIYO JUU YA FEDHA NA SURA ILIYO JUU YA MTU

Somo la Biblia kwa jamaa na vikundi vya nyumbani
Masomo: Mathayo 22:15–22, Mwanzo 1:26–27, Kutoka 30:11–16



 

Somo la toleo hili linahusu kipande kidogo cha fedha. Tumelichagua kwa sababu ya neno moja lililoingia ndani ya nyumba zetu tangu mwaka 2021. Mwezi wa tatu wa mwaka huo posho ya wakimbizi katika Rwanda ilipunguzwa kwa asilimia 60. Baada ya hapo jamaa zikapangwa katika makundi: wa kundi la kwanza walipewa zaidi, wa pili walipewa kidogo, wa tatu hawakupewa posho ya chakula. Neno hilo ni "kategori". Mwanzoni lilikuwa neno la orodha tu. Sasa tunalisikia kisimani, sokoni, hata mlangoni pa kanisa. "Yule mama ni kategori ya tatu, ana pesa." "Mimi ni kategori ya kwanza, mimi ni wa kusaidiwa." Watoto wetu nao wameanza kuitana hivyo.

Wapendwa, orodha inaweza kusema nani atapewa faranga ngapi. Je, inaweza kusema mtu ni nani? Hilo ndilo swali la somo letu, na Bwana Yesu alilijibu akiwa na kipande cha fedha mbele yake.

1. KIPANDE KILICHOLETWA MBELE YA YESU

Tusome Mathayo 22:15–22. Habari hii imo pia katika Marko 12 na Luka 20. Mafarisayo na watu wa Herode walikuja pamoja kumtega Bwana kwa maneno. Walimwuliza kama ni halali kumlipa Kaisari kodi. Akisema ndiyo, watu waliochoka na utawala wa Roma watamchukia. Akisema hapana, watamshitaki kwa liwali kwamba anafundisha uasi. Swali hilo lilikuwa la hatari kweli. Miaka kama 25 hivi kabla ya siku hiyo, Yuda Mgalilaya aliwaongoza watu kupinga uandikishaji wa kodi, akaangamia (Matendo 5:37).

Yesu hakuwa na kipande hicho mkononi. Aliomba aonyeshwe. Wale waliomjaribu ndio waliokitoa, tena wakiwa ndani ya hekalu. Walikuwa wanatembea nacho kila siku, wananunua nacho, wanalipwa nacho. Kisha wakaja kumwuliza kama ni dhambi kukigusa.

Kipande hicho kiliitwa dinari. Jina lenyewe limetoka katika Kilatini, lugha ya Roma, likapita kwa Waarabu, likatufikia sisi. Kilikuwa na uzito wa karibu gramu 3 na nusu mpaka 4, kidogo kuliko sarafu nyingi tulizozizoea. Kilikuwa cha fedha, yale madini meupe. Katika Kiswahili neno "fedha" lina maana mbili, madini na pesa, kwa sababu zamani pesa zilikuwa ni madini hayo hayo. Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku moja, kama tunavyoona katika mfano wa shamba la mizabibu (Mathayo 20:1–16).

Sarafu hiyo ilitengenezwa kwa mikono. Fundi aliweka kipande cha fedha cha moto kati ya mihuri miwili ya chuma, akapiga kwa nyundo. Pigo moja, na sura ikabaki juu ya fedha, mbele na nyuma.

2. SARAFU ILIYOKUWA INAHUBIRI

Siku zile hapakuwa na redio wala gazeti. Watu wengi wa Yudea, Misri au Galatia hawakupata kumwona Kaisari hata siku moja katika maisha yao. Walimjua kwa sarafu. Kila aliyefunga dinari katika pindo la nguo yake alikuwa amebeba mahubiri ya Roma.

Wachunguzi wengi wanaona kwamba dinari aliyoonyeshwa Yesu ilikuwa ya Kaisari Tiberio, aliyetawala kutoka mwaka 14 mpaka mwaka 37. Sarafu zake zimehifadhiwa kwa wingi katika majumba ya makumbusho. Nyingi zilipigwa katika mji wa Lugdunum, ambao leo ni Lyon katika Ufaransa. Upande wa mbele kuna kichwa cha Tiberio kilichovikwa taji la majani. Kukizunguka kuna maneno ya Kilatini yaliyofupishwa, yenye maana hii: Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliye mungu. Augusto alikuwa baba yake wa kulea, na alipokufa mwaka 14 wazee wa Roma walitangaza kwamba amekuwa mungu.

Tugeuze upande wa pili. Kuna mwanamke ameketi kitini, ameshika fimbo ya enzi au mkuki kwa mkono mmoja, na tawi kwa mkono mwingine. Wengi wanaona hapo Livia, mama wa Kaisari, amefanywa mfano wa Amani. Maneno ya upande huo ni cheo cha Kaisari: kuhani mkuu.

Wapendwa, tazameni kilichowekwa mbele ya Yesu siku ile. Sarafu yasema: huyu ni mwana wa mungu, huyu ni kuhani mkuu, na amani imetoka kwake. Na aliyeitazama ndiye Mwana wa Mungu wa kweli, Kuhani Mkuu wa kweli, Mfalme wa Amani. Yeye hakuivunja wala hakuitupa chini. Aliuliza tu sura ile na maneno yale ni ya nani.

Tujifunze hapo jambo la kwanza. Fedha ina maneno juu yake, na si kila neno lililoandikwa juu ya fedha ni kweli. Roma iliandika amani, lakini wanakijiji wa Yudea waliijua amani hiyo kwa upanga na kwa msalaba.

3. KAISARI ALIYEFIKA MPAKA KIGALI

Tusidhani habari hizi ni za mbali. Kaisari alifika na huku kwetu, tena kwa jina lake.

Hapa Kigali, mtaa wa Nyarugenge, kuna nyumba ya makumbusho yenye jina la Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha mji huu kuwa kituo cha utawala mwaka 1907. Wakati huo Rwanda, Burundi na bara la Tanzania zilikuwa chini ya Ujerumani. Mfalme wa Wajerumani aliitwa Kaiser. Neno hilo ni "Kaisari" lile lile, limegeuzwa matamshi.

Pesa ya utawala huo ilikuwa rupia ya fedha, yenye uzito wa gramu 11 na zaidi kidogo. Juu yake kulikuwa na kichwa cha Kaiser Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai. Maneno yake yaliandikwa kwa Kilatini, lugha ile ile ya dinari ya Tiberio, yakimwita Wilhelm mfalme mkuu mwenye enzi. Vipande vidogo vya rupia hiyo kuanzia mwaka 1904 viliitwa heller. Kutoka kwake ndugu zetu wa Tanzania walipata neno "hela", nao wanalitumia mpaka leo.

Pamoja na sarafu ilikuja kodi. Kodi ya nyumba ilianza katika koloni hilo mwaka 1898, na katika Rwanda utawala ulianza kutoza kodi mwaka 1914. Mtu hakuweza kulipa kwa kondoo milele. Ilimbidi atafute kile kipande chenye kichwa cha Kaiser, na ili akipate ilimbidi amfanyie kazi mwenye nacho. Kwa njia hiyo sarafu iliwatoa watu mashambani mwao. Ndivyo ilivyokuwa Yudea pia, na ndiyo maana swali la kodi lilichoma mioyo ya watu.

Rupia iliingia hata ndani ya Biblia yetu. Wazee wenye Biblia ya Muungano waangalie Ufunuo 6:6, habari ya kibaba cha ngano wakati wa njaa. Bei iliyoandikwa pale ni nusu rupia. Katika Kiyunani ni dinari moja, yaani mshahara wa siku nzima kwa chakula cha mtu mmoja tu. Watafsiri walitumia pesa ambayo watu wa pwani na bara waliijua kwa mikono yao.

Na sisi tuliotoka Kongo tuna habari yetu. Kuanzia mwaka 1887 mfalme Leopold wa Pili alipigisha sarafu za fedha kwa ajili ya nchi aliyoiita Dola Huru ya Kongo. Mbele kulikuwa na kichwa chake chenye ndevu ndefu. Nyuma kulikuwa na ngao, simba wawili, na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "Kazi na Maendeleo". Lakini babu zetu wengi wa misituni hawakuziona sarafu hizo. Wao walidaiwa kodi ya mpira, na aliyeshindwa kuleta kikapu chake alipigwa, wengine walikatwa mikono, wengine waliuawa. Mwaka 1908, baada ya ulimwengu kupiga kelele, nchi ilitolewa mikononi mwa mfalme huyo ikawa koloni la Ubelgiji. Sarafu yasema kazi na maendeleo. Mpira ulisema habari nyingine.

Kwa hiyo mkristo asome fedha kwa akili. Wakenya, walipoandika katiba yao ya mwaka 2010, walikataza kabisa sura ya mtu ye yote kuwekwa juu ya noti na sarafu. Sarafu zao mpya za mwaka 2018 zina wanyama: twiga, kifaru, simba na tembo. Watu hao walikuwa wameelewa kwamba sura juu ya pesa ina nguvu.

4. SURA INABAKI, FEDHA INAONDOKA

Kuna jambo jingine ambalo dinari inatufundisha. Wakati wa Tiberio ilikuwa karibu fedha tupu. Mwaka 64 Kaisari Nero aliipunguza uzito na usafi, kwa kuwa alihitaji pesa nyingi. Waliomfuata waliendelea kupunguza, kidogo kidogo. Katika miaka ya 260 pesa ya Roma iliyoitwa ya fedha ilikuwa shaba iliyopakwa fedha nyepesi kwa juu. Lakini sura ya Kaisari iliendelea kuwa kubwa, yenye taji kichwani, na maneno ya sifa yakiizunguka.

Wazee wa Kivu hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1967, pesa ya zaire ilipoanza, zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 1993 kulikuwa na noti ya zaire milioni tano, yenye picha ya Mobutu na kofia yake ya chui, na wafanyabiashara waliikataa. Askari waliolipwa noti hizo walipoona hazinunui kitu, walianza kupora mji wa Kinshasa na watu wengi walikufa. Mwezi wa kumi wa mwaka huo huo zaire milioni tatu zilibadilishwa kwa zaire mpya moja tu. Picha ilikuwa ile ile, uso ule ule, lakini thamani ilikuwa imeondoka.

Ndugu aliyeweka tumaini lake lote katika pesa, na pia ndugu anayejiona si kitu kwa sababu hana pesa, wote wawili wamepima kwa mzani mmoja. Mzani huo hubadilika. Bwana wetu anapima kwa mzani mwingine.

5. MWANAMKE ALIYEKETI CHINI

Sasa tufike kwenye sarafu ambayo, sisi tuliokimbia, tunapaswa kuijua.

Mwaka 70 majeshi ya Roma yalibomoa Yerusalemu na kuchoma hekalu. Watu wengi walikufa, wengine walichukuliwa utumwani, wengine walitawanyika. Kaisari Vespasiano alipiga dinari za fedha za kusherehekea ushindi huo. Upande wa mbele ni uso wake. Upande wa nyuma kuna mwanamke ameketi chini, kichwa chake kimeinama juu ya mkono wake, analia. Juu ya sarafu nyingine ameketi kando ya silaha zilizotekwa, na juu ya nyingine yuko karibu na mtende. Chini yake kumeandikwa neno moja: Yudea.

Mwanamke huyo hana jina lake mwenyewe. Amefanywa alama ya taifa lililoshindwa. Mama huyo aliyeketi mavumbini alizunguka katika masoko ya dunia nzima ya Roma, watu wakinunua mkate na divai kwa machozi yake. Tena Vespasiano aliagiza kwamba ile kodi ambayo Wayahudi walizoea kuitoa kwa hekalu la Mungu, sasa wailipe kwa hekalu la Jupita, mungu wa Warumi.

Mama zetu wengi wameketi hivyo hivyo. Waliketi kando ya barabara mwaka 1996, na wengine mwaka 2012, mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Picha za wakimbizi zimesafiri mbali kuliko wakimbizi wenyewe. Mara nyingi mtu anayeona picha hizo haulizi jina. Anasema tu: mkimbizi.

Lakini kuna sarafu nyingine tena. Kutoka mwaka 132 mpaka mwaka 135 Wayahudi waliinuka mara ya pili juu ya Roma, wakiongozwa na Bar Kokhba. Hawakuwa na mgodi wa fedha. Walichukua sarafu za Warumi, wakaziweka tena chini ya nyundo, wakapiga alama zao juu ya sura ya Kaisari: kichala cha zabibu, kinubi, tarumbeta, tawi la mtende, na juu ya vipande vikubwa, mlango wa hekalu lililobomolewa. Wakaandika maneno ya uhuru wa Yerusalemu. Vita vile viliisha vibaya sana kwa taifa lao, nasi hatuwafundishi vijana wetu kushika silaha. Tunataka mtazame sarafu zenyewe. Baadhi yake ziko mpaka leo, na ukiziangalia kwa makini unaona kwamba nyundo haikufuta kila kitu. Chini ya alama mpya kumebaki alama ya kwanza: kipande cha sikio, mstari wa shingo, herufi mbili tatu.

Sisi nasi tumepigwa alama juu ya alama. Mkimbizi. Namba ya kadi. Kategori. Mtu wa kabila fulani. Kila alama imekuja na nyundo yake, na nyingine zimeuma sana. Lakini ya kwanza kabisa ilipigwa na nani?

6. SWALI LA YESU LINATUHUSU

Bwana Yesu aliuliza sura ile ni ya nani. Wakajibu ni ya Kaisari. Ndipo akasema kilicho cha Kaisari apewe Kaisari, na kilicho cha Mungu apewe Mungu. Wakastaajabu, wakaenda zao.

Jibu hilo lina sehemu mbili, na wengi wetu hukomea kwenye ya kwanza. Kama dinari ni ya Kaisari kwa sababu ina sura yake, basi ni kitu gani chenye sura ya Mungu? Waliomsikiliza walikuwa wanaijua Torati tangu utoto. Mwanzo 1:27 inasema Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake, mwanamume na mwanamke. Neno la Kiyunani lililotumika katika Injili kwa sura iliyo juu ya dinari ni eikon. Neno hilo hilo ndilo lililotumika katika tafsiri ya kale ya Kiyunani ya kitabu cha Mwanzo kwa mfano wa Mungu katika mtu.

Kwa hiyo Kaisari anaweza kudai dinari yake. Hawezi kudai mtu mzima. Kitambulisho kinaweza kusema mtu amezaliwa wapi na amefika lini. Hakiwezi kusema mtu ana thamani gani. Hatusemi karatasi hazina maana. Tunzeni kadi zenu, waandikisheni watoto wanaozaliwa, pelekeni taarifa zilizo za kweli. Hayo ni ya Kaisari, na tuyatoe kwa uaminifu. Lakini tusiyape kiti cha Mungu.

7. NUSU SHEKELI

Tusome sasa Kutoka 30:11–16. Israeli walipohesabiwa jangwani, nao wakiwa watu wa mahema kama tulivyokuwa, kila mmoja alitoa nusu shekeli. Mungu aliagiza tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Katika mambo mengine ya Torati mtu alitoa kadiri ya alivyo navyo. Katika kuhesabiwa mbele za Mungu, wote walikuwa sawa.

Wakati wa Yesu sadaka hiyo ililipwa kwa fedha ya mji wa Tiro, kwa kuwa ilikuwa safi. Nayo ilikuwa na sura ya mungu wa Watiro upande mmoja na tai upande mwingine. Petro alipoulizwa kama mwalimu wake hulipa, Bwana alimtuma kuvua samaki, na katika kinywa chake akapata kipande kimoja cha fedha (Mathayo 17:24–27). Kipande hicho kilitosha nusu mbili: ya Yesu na ya Petro. Mwana wa Mungu na mvuvi wa Galilaya walihesabiwa kwa kiasi kimoja. Hapo hapakuwa na kategori.

8. TUFANYE NINI?

Kwanza, tulipe tunachodaiwa. Deni la dukani, kodi ya nyumba, mchango wa kikundi cha akiba, mituweli kwa sisi wa mjini. Mkristo asiseme, "Mimi ni mkimbizi, nisamehewe kila kitu." Warumi 13:7 inatufundisha kumpa kila mtu haki yake. Nchi iliyotupokea ipate heshima kutoka kwetu.

Pili, tuache kuitana kwa kategori. Orodha ibaki ofisini. Nyumbani na kanisani mtu aitwe kwa jina lake, Mama fulani, Baba fulani, mzee wetu. Jamaa iliyopewa isiionee aibu wala kiburi posho yake. Jamaa iliyokosa isiwe na wivu, na jirani aliye na kibaba aangalie mlango wa pili kama kuna moshi jikoni.

Tatu, mtoto si pesa. Tumesikia nyumba ambamo binti anasukumwa kuolewa mapema ili mahari ilishe wadogo zake. Tunajua njaa ni kali, hatuhukumu tukiwa tumeshiba. Lakini binti huyo ana sura ya Mungu, na hakuna mahari inayotosha kumnunua. Jamaa iliyofika hapo isijifiche. Ije kwa wazee wa kanisa kabla jambo halijafanyika, ili tutafute njia pamoja.

Nne, asiye na sadaka aje ibadani. Kuna jamaa zimeacha kuja kwa sababu zinaona aibu kapu linapopita. Katika Marko 12, sura ile ile yenye habari ya dinari ya Kaisari, kuna mjane aliyetia vipande viwili vya shaba, vidogo kuliko vyote. Bwana aliona ametoa kuliko matajiri. Mashemasi wapitishe kapu bila kumkazia mtu macho. Na mtu akiwa hana kitu kabisa, alete kile chenye sura ya Mungu, yaani yeye mwenyewe.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini swali la kodi lilikuwa mtego kwa Yesu?
2. Sarafu ya Tiberio ilidai mambo gani matatu? Ni nani mwenye haki ya kuyadai?
3. Wazee watusimulie: ni pesa gani walizozishika Kongo au Burundi, na zilikuwa na picha za nani?
4. Ni alama gani watu wamezipiga juu yetu? Ni ipi tumeizoea mpaka tukaiamini?
5. Je, katika kikundi chetu kuna mtu ambaye hatujui jina lake, tunajua kategori yake tu? Tufanye nini wiki hii?

KWA WATOTO: Weka sarafu ya faranga 50 chini ya karatasi, sugua juu yake kwa kalamu ya risasi. Picha gani inatokea? Kisha kila mtoto amtazame mwenzake usoni na kusema jina lake lote. Mstari wa kukariri ni Mwanzo 1:27.

TUOMBE: Mungu Baba, uliyetuumba kwa mfano wako, utukumbushe sisi ni wa nani. Wape chakula walio na njaa leo. Uwape hekima wanaoandika orodha, na haki wanaotawala. Chini ya kila alama tuliyopigwa, uitazame sura yako, uitengeneze upya katika Yesu Kristo. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.